Kupungua Bila Kuacha Zege

Ukitoka Uyole kupanda njia ya Tukuyu, kabla ya kufika Isyonje unakutana na viazi mviringo vikisubiri malori kando ya lami, magunia ya lumbesa yenye vichwa vilivyofumwa kwa kamba. Vingi vina safari ya Dar es Salaam. Vingine vinashuka tu mjini Mbeya, Mwanjelwa, Kabwe na Soweto, ambako jioni vinamenywa, vinakatwa vipande na kuzamishwa kwenye karai la mafuta. Baridi ya Juni ikianza kuuma, vibanda hivyo havikosi watu. Muuzaji anageuza chipsi na kuuliza bila kuinua kichwa, "Kavu au zege, dada?" Akijibiwa zege, anamimina mafuta kwenye kikaango, anatupia chipsi, anapasua mayai mawili juu yake, analipindua likiwa limeshikana, na muda si mrefu liko mezani na kachumbari pembeni.

Zege huwa la kwanza kufukuzwa mtu anapoamua kupungua. Linafuatiwa na kitimoto, soda, wali wa Kyela, ulanzi kwa walioko Iringa, na mwisho hata ndizi. Orodha ya vilivyokatazwa inarefuka, aliyejikataza anajisifu wiki mbili, kisha Jumamosi moja kunakuwa na send-off ya binti wa jirani. Anaonja sambusa moja. Baada ya hapo anajiambia liwalo na liwe, kwa kuwa mwiko umeshavunjika, na sahani inajazwa. Jumatatu anaanza upya, au haanzi kabisa.

Tabia hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakawawekea aiskrimu wale wanavyotaka. Watu wasio na desturi ya kujinyima, wakishakunywa maziwa, walikula aiskrimu kidogo, kama mtu yeyote aliyeanza kushiba. Waliozoea kujinyima walifanya kinyume chake: waliokunywa maziwa kwanza ndio waliozidisha aiskrimu. Tumbo lao lilikuwa na chakula, lakini marufuku waliyojiwekea ilikuwa imeshavunjwa, na hawakuwa na kipimo kingine cha kuwaambia wasimame wapi.

Kipimo kinahitajika, kwa sababu uzito wa Watanzania unapanda. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya, ule unaojulikana kwa kifupi kama TDHS, mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa 2015/16 ukakuta asilimia 28. Presha na kisukari huambatana na ongezeko hilo, na mitaani bado mtu aliyenenepa husifiwa kuwa amenawiri, maisha yamemkubali. Ndiyo maana wengi hushtuka wakiwa wameshafika zahanati, wanaambiwa wapunguze mwili, na wanarudi nyumbani na orodha ileile ya makatazo.

Iko njia nyingine, nayo ni ya hesabu. Kalori ni kipimo cha nishati iliyomo ndani ya chakula. Ile inayozungumziwa kwenye lishe, ambayo kwenye pakiti huandikwa kcal, ni nishati inayotosha kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi wa Marekani, Wilbur Atwater, alipima vyakula vingi na kutuachia namba ambazo bado zinatumika: gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Kilevi kina 7. Mwili unaopewa nishati pungufu ya ile unayotumia hufidia kwa kuchota akiba yake, na haujali kama upungufu umetokana na kuacha zege au na kupunguza sukari kwenye chai.

Mark Haub, profesa wa lishe katika Chuo Kikuu cha Kansas State nchini Marekani, alilijaribu jambo hilo kwa mwili wake mwenyewe mwaka 2010. Kwa wiki 10 chakula chake kikuu kilikuwa vikeki vya krimu aina ya Twinkie, biskuti na vitafunwa vya pakiti, pamoja na vidonge vya vitamini, kinywaji cha protini na mboga kidogo. Sharti lilikuwa moja: asizidishe kalori 1,800 kwa siku. Alipungua kilo 12. Hata lehemu mbaya kwenye damu ilishuka. Haub hakutaka kuwashauri watu wamwige, na hakuna mama wa Iringa anayehitaji kulisha familia yake keki kwa miezi miwili na nusu ili kuthibitisha kitu. Lakini kama keki zilimpunguza Mmarekani, basi kosa la zege litafutwe kwa uangalifu zaidi.

Litafutwe ndani ya sahani yenyewe. Viazi vibichi gramu 300, yaani viazi viwili vitatu vya wastani, vina kama kalori 230. Vikikaangwa, maji mengi hutoka kama mvuke na mafuta huingia mahali pake; sahani inayobaki ina uzito wa kama gramu 150 na kalori zipatazo 450. Kwa maneno mengine, kabla yai halijapasuliwa, nusu ya nishati ya sahani si ya kiazi tena. Mayai mawili yanaongeza 150. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina 120, na anayekaanga zege hapimi kwa kijiko. Akimimina vijiko viwili vikubwa, hizo ni 240. Jumla inafika kwenye 840 au 850, na zaidi ya nusu yake ni mafuta ya karai na ya kikaango. Kiazi kimefukuzwa bure. Hata yai limeonewa.

Mafuta hayo hayaingii kwa kiwango kimoja kila mahali. Chipsi zilizokatwa nyembamba zina eneo kubwa la nje kuliko zilizokatwa nene, kwa hiyo hunyonya zaidi. Zilizotiwa kwenye mafuta ambayo hayajachemka sawasawa hutoka laini na zimelowa. Mteja anayejua hayo huchagua kibanda chenye chipsi nene, husubiri zinazotoka karaini wakati huohuo, humwomba muuzaji azichuje vizuri, na kwa upande wa zege humwambia apunguze mafuta ya kikaango. Wauzaji wengi hawana neno. Mafuta ni gharama yao.

Na kiazi chenyewe kina sifa ambayo Nyanda za Juu Kusini hazijaitangaza vya kutosha. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwalisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye nishati sawa, kisha wakapima shibe yao kwa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili vingine vilinganishwe nao. Chipsi zilipata 116. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, juu ya vyakula vyote vilivyopimwa, hata nyama na samaki. Gramu 100 za viazi hivyo zina kama kalori 87 tu. Mtu wa Makete au Rungwe anayekula viazi vya kuchemsha na chai asubuhi anakula chakula kinachokaa tumboni kuliko mandazi mawili ya mjini, tena kwa nishati ndogo.

Sasa hesabu ya mtu. Mfano uwe mwalimu wa shule ya msingi jijini Mbeya, mwanamke wa miaka 35, urefu sentimita 160, uzito kilo 82. Uwiano wa uzito na urefu wake (BMI) ni 32. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiribatumbo kuanzia 30. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo wataalamu wa lishe huitumia sana, mwili wake ukilala tu kutwa nzima unahitaji kama kalori 1,480 kwa ajili ya moyo, ubongo, ini na joto. Ukiongeza kusimama darasani, kupanda bajaji na kushuka, na kazi za nyumbani, inafika kama 2,080. Akila 1,600, kila siku anapungukiwa na 480. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo mwanzoni anaweza kupungua chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki. Kadiri anavyopungua, mahitaji yake nayo yanashuka na mwendo unakuwa wa polepole; hiyo ni kawaida ya mwili.

Siku yake inaweza kuwa hivi. Asubuhi chai ya rangi yenye kijiko kimoja cha sukari, yai la kuchemsha na ndizi mbivu: kama 200. Mchana ugali wa gramu 100 za unga, 360. Kikombe cha maharage, 230. Mchicha uliokaangwa kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, 150. Hadi hapo ni 940. Jioni anapita kibandani, anachukua chipsi kavu, mishikaki miwili na kachumbari, kama 630. Siku inafungwa kwa 1,570, na amekula chipsi. Siku akitaka zege zima la 850 peke yake, jumla ni 1,790: amevuka lengo, lakini bado yuko chini ya 2,080, na kwa siku hiyo hajaongezeka hata chembe.

Kinachomharibia ni kingine. Mchicha ule ukipikwa kwa vijiko vitatu vikubwa vya mafuta badala ya kimoja, umeongeza 240. Chai ikiwa vikombe vitatu vya vijiko vitatu vilivyojaa, umeongeza kama 200. Soda moja ya mililita 350 shuleni saa nne ina gramu 35 hivi za sukari, kama 145. Jumla ni 585, na pengo lote la siku limezibwa na kupita, bila zege, bila kitimoto, na bila yeye kukumbuka jioni kwamba alikula kitu chochote cha kunenepesha. Watu wanaonea aibu vyakula wanavyovipenda na kusahau vile wanavyomimina bila kutazama.

Dumu la mafuta linaweza kulisema hilo kwa ufasaha kuliko mizani. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina zaidi ya kalori 8,000. Kaya ya watu watano inayomaliza dumu la lita 5 kwa mwezi inakula kama kalori 41,000 za mafuta peke yake, ambazo zikigawanywa ni kama 275 kwa kila kichwa kwa kila siku. Dumu hilohilo likienda miezi miwili, kila mtu mzima amepunguza karibu 140 kwa siku, na hakuna chakula hata kimoja kilichoondoka mezani. Hapa alizeti haina upendeleo. Mafuta yaliyokamuliwa Iringa ni mazuri kwa moyo kuliko mafuta ya kuganda, lakini gramu yake ina kalori 9 kama mafuta mengine yote. Kijiko kilichofungwa kwa uzi kwenye mpini wa dumu, kipimo kikawa hicho tu, kinaweza kumsaidia mtu kuliko programu ya simu.

Chai ina kisa chake. Majani ya Mufindi na Rungwe hayana kalori za kuhesabika. Kikombe cha rangi bila sukari ni maji yenye harufu nzuri. Sukari ndiyo huleta mzigo, na baridi ya Mafinga au Uporoto hufanya vikombe viongezeke bila mtu kujua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na linaona ni bora zaidi ikibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai visivyojaa. Anayepunguza kijiko kimoja na kukaa hapo wiki mbili tatu kabla ya kupunguza kingine huzoea; anayekata vyote siku moja hurudi navyo vyote.

Upande wa Iringa, mvua zikianza, mazungumzo ni ya ulanzi. Kilolo, Mufindi na vijiji vya kuzunguka manispaa, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha na kunolewa tena na tena ili utomvu uendelee kutiririka, ukikingwa kwenye chombo kiitwacho mbeta. Ukiwa wa siku hiyohiyo ni mtogwa, mtamu, hata mtoto huuonja. Ukikaa unachachuka na kuwa mkangafu unaowaka kooni. Wapo wanaoamini kwamba ulanzi ukishakuwa mkali sukari yake imekwisha, kwa hiyo haunenepeshi. Sukari ni kweli imekwisha. Chachu imeila na kutoa kilevi, na kwa kila gramu ya sukari hutoka karibu nusu gramu ya kilevi. Gramu ile ilikuwa na kalori 4. Nusu gramu ya kilevi ina kalori 3 na nusu. Kilichopotea ni kidogo sana. Kibaya zaidi, mwili huanza kuchoma kilevi kabla ya kitu kingine, na mafuta yaliyoliwa pamoja nacho yanawekwa akiba.

Bia haiko mbali na hapo: chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina kama kalori 200. Glasi moja ya ulanzi wakati wa msimu inaingia kwenye bajeti ya siku bila shida. Lita mbili za kilabuni, zikifuatwa na njaa ya saa tatu usiku, haziingii popote.

Njaa hiyo kwa kawaida huishia kwenye kitimoto, na hapa ipo tofauti kubwa kuliko zote katika makala haya. Robo kilo ya nyama ya nguruwe mbichi isiyo na mafuta, ile ya mgongoni, ina kama kalori 360. Robo kilo ya nyama ya tumboni, yenye tabaka jeupe, ina karibu 1,300. Mezani zote zinaitwa robo, zote zinaletwa na ndizi na pilipili, na bei mara nyingi ni moja. Mteja anayesimama kwenye bucha ya baa na kusema "Bosi, nikatie steki, mafuta kidogo" amebadilisha karibu kalori 900 kwa sentensi moja. Akiagiza choma badala ya rosti, mafuta mengine yanadondokea kwenye mkaa. Na robo kwa watu wawili, tofauti na nusu kilo kwa kila mmoja kama ilivyozoeleka kwenye meza za wanaume, bado ni kitimoto.

Kuna vyakula vinavyonufaika na sifa nzuri. Parachichi la Rungwe na Njombe linasafirishwa hadi Ulaya na linastahili heshima yake: mafuta yake ni mazuri, nyuzinyuzi ni nyingi. Lakini kila gramu 100 zina kalori 160. Nusu ya parachichi la wastani aina ya Hass ni kama 120. Parachichi kubwa la kienyeji lenye nyama ya gramu 300 ni 480, zaidi ya sahani ya chipsi kavu. Karanga, ambazo hutafunwa kwenye basi kutoka Makambako hadi Mbeya bila hesabu yoyote, zina zaidi ya 560 kwa gramu 100. Chakula kinaweza kuwa bora kwa moyo na bado kikamnenepesha anayekila pasipo kipimo.

Wengi wakiambiwa hivi hujibu kwamba dawa ni mazoezi. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita moja hutumia kama kalori 60. Zege la 850 linataka kilomita 14, mbali kupita safari ya kutoka katikati ya jiji la Mbeya hadi Uyole, na hapo hakuna aliyeongeza soda. Ushahidi mzito zaidi umetoka hapahapa Tanzania. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati vya Wahadza 30 wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6, mbali na kuchimba mizizi na kupanda miti. Ukilinganisha watu wa maumbo sawa, nishati waliyotumia kwa siku haikuzidi ya wafanyakazi wa mijini Marekani na Ulaya. Inaonekana mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Wahadza hao ni wembamba, na chakula wanachokipenda kuliko vyote, kwa mujibu wa uchunguzi mwingine wa mwaka 2009, ni asali.

Hilo halimwachii mtu ruhusa ya kukaa kitini. Kutembea kunashusha presha, kunasaidia sukari ya damu na kulinda misuli wakati mafuta yanapungua. Ila anayetegemea kupanda mlima Loleza Jumamosi ili alipie kitimoto cha Ijumaa anafanya biashara ya hasara.

Kwa anayetaka namba za chakula cha hapa, zipo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Shule ya Afya ya Umma ya Harvard walitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania, ambamo mtu hukuta mpaka vyakula vilivyopikwa. Halmashauri nazo zina maafisa lishe, ambao watu wengi hudhani kazi yao ni watoto tu. Mizani ya jikoni si lazima. Ngumi ya mlaji mwenyewe inatosha kukadiria ugali au wali, kiganja bila vidole kinatosha kwa nyama, ncha ya kidole gumba kwa mafuta, na mboga za majani zijaze nafasi iliyobaki.

Si kila nyumba inapaswa kupunguza. Mikoa hii hulisha nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta Mkoa wa Iringa ukiongoza kwa udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5, asilimia 56.9. Mama mwenye kilo zilizozidi na mtoto aliyedumaa wanaweza kula chungu kimoja, kwa sababu chungu hicho kimejaa wanga na kina upungufu wa protini, matunda na mboga. Kijiko cha mafuta kinachopunguzwa kwenye sahani ya mama kisipunguzwe kwenye uji wa mtoto. Mjamzito na anayenyonyesha hawaanzi mambo haya bila mtaalamu, na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa au sindano lazima amwone daktari kwanza, maana chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla.

Zinabaki sherehe: send-off, kipaimara, ubarikio, na Desemba yote wakati ndugu wa Dar es Salaam wanapopanda mabasi kurudi Iringa na Mbeya. Kukataa chakula cha mwenyeji ni utovu wa adabu, na kumweleza mama mkwe habari za kalori hakusaidii. Hesabu, kwa bahati nzuri, si lazima ifungwe kila usiku. Ikipigwa kwa wiki, mwalimu wa Mbeya ana kalori 11,200. Akibana 150 kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mfano kwa kuacha soda ya saa nne, Jumamosi ana 2,350 za kutumia: pilau, kipande cha kuku, sambusa mbili, keki, hata glasi ya kuwatakia maharusi heri. Akianza na kijiko kidogo cha kila kitu na kurudia anachokipenda, mwenyeji atakayesema "Ongeza, mwanangu" atamkuta sahani ina nafasi.

Jumatatu asubuhi mizani itaonyesha ameongezeka kilo moja au moja na nusu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mafuta ya kilo moja yangemtaka ale kalori 7,700 juu ya mahitaji yake, kiasi ambacho hakuna ukumbi uliompa. Alichobeba ni maji: chumvi ya pilau na kuku huyashikilia, na wanga wa akiba unaowekwa kwenye misuli na ini hukaa na maji kama gramu 3 kwa kila gramu yake. Akirudi kwenye chakula chake cha kawaida, maji hayo hutoka ndani ya siku chache bila kufanyiwa lolote, na anayejipima kila asubuhi kabla ya chai na kuandika wastani wa wiki huona wastani huo ukiendelea kushuka kwa gramu 300 au 400.